Messerschmitt 109 na ajali za kutua: ni kweli kosa lilikuwa magurudumu kukaribiana?

#1 Nyundo Ndogo

Wakuu salaam. Kila panapozungumzwa Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, utakuta maneno yaleyale: magurudumu ya mbele yalikaribiana mno, ndiyo maana theluthi nzima ya ndege hizo ziliharibikia uwanjani badala ya angani. Mimi sikubaliani na yote mawili.

Tuanze na vipimo. Kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, 109E (toleo la mwanzo) ina karibu mita 1.97, na 109G (toleo la baadaye) mita 2.06 hivi. Spitfire ya Waingereza, ambayo kila mtu anaisifu kwa upole, ina mita 1.74. Yaani Spitfire ndiyo nyembamba zaidi! Hurricane inafika karibu mita 2.4, na Focke-Wulf 190 mita 3.5. Kama ukaribu peke yake ndio sababu, Spitfire ingeongoza kwa ajali za namna hiyo, na haikuongoza.

Wajuzi wa miguu ya ndege, karibuni. Kosa lilikuwa wapi?

#2 Mzee wa Kabureta

Mkuu Nyundo, umeanza vizuri. Umbali wa magurudumu unaamua ndege italala ubavu kwa urahisi kiasi gani ikishaanza kugeuka. Hauamui kama itaanza kugeuka.

Ndege hizi zote zina magurudumu mawili makubwa mbele na moja dogo mkiani, na kitovu cha uzito kiko nyuma ya yale mawili makubwa. Sasa ikigusa ardhi pua ikiwa imeelekea kushoto kidogo huku mwendo ungali wa kwenda mbele moja kwa moja, ule uzito ulio nyuma unang'ang'ania njia yake ya awali. Unausukuma mkia utoke nje, pua inazidi kwenda kushoto, na kadiri inavyogeuka ndivyo nguvu ya kuigeuza inavyoongezeka. Rubani asipowahi kanyagio la upande wa pili mapema, ndege inazunguka kama pia. Mguu wa nje unabebeshwa uzito wote kwa ubavu, unakunjika, ncha ya bawa inalima chini.

Ndege yenye gurudumu la pua, mfano B-25 au P-38, kitovu chake kiko mbele ya magurudumu makuu. Kosa lilelile linajinyoosha lenyewe.

Kwa hiyo mimi ningeuliza hivi: kwa nini 109 ilikuwa nyepesi kuanza kugeuka kuliko Spitfire?

#3 Fundi Ribiti

Jibu langu liko kwenye pembe ya gurudumu.

Miguu ya 109 haikufungwa kwenye bawa. Ilifungwa kwenye kiwiliwili, mbele kabisa, pale panapobeba injini. Sababu ilikuwa ya karakana: unang'oa mabawa yote mawili na ndege inaendelea kusimama kwa miguu yake, unaipakia kwenye behewa la treni au unaivuta barabarani. Kwa fundi wa uwanjani hiyo ni neema kubwa. Lakini kwa kuwa miguu inaanzia katikati, ili upate hata hizo mita mbili lazima itanuke kwenda nje. Gurudumu nalo linafuata mguu, halisimami wima. Chini limetoka nje, juu limeingia ndani.

Gurudumu lililoinama hutaka kwenda upande lilikoinamia. La kushoto linavuta kulia, la kulia linavuta kushoto. Uzito ukiwa sawa pande zote, mivuto hiyo inafutana na rubani hahisi kitu. Sasa chukua mfano wa Mzee hapo #2: pua imekwenda kushoto, uzito unahamia gurudumu la kulia. Gurudumu la kulia linavuta wapi? Kushoto. Na liko mbele ya kitovu cha uzito. Kwa hiyo linaongeza geuko lilelile ambalo rubani anapigana nalo.

Wajerumani wenyewe walilijua hilo. Kwenye 109G waliweka tairi kubwa zaidi, 660 kwa 160, na wakalisimamisha gurudumu likaribie wima. Likawa haliingii tena vizuri kwenye shimo lake bawani, ndiyo maana mabawa ya G nyingi yana uvimbe mdogo kwa juu. Mtu hakubali kubeba uvimbe unaopunguza mwendo angani kama tatizo la chini halikuwa kubwa.

#4 Kusi la Asubuhi

Naomba tushughulikie hiyo "theluthi" kabla haijaota mizizi humu.

Ripoti za hasara za Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, ziliandikwa kwa asilimia ya uharibifu wa kila ndege. Kuanzia asilimia 60 kwenda juu, ndege ilihesabiwa imepotea, labda ivunjwe vipuri. Chini ya hapo ilitengenezwa. Ndege iliyojizungusha ikavunja mguu mmoja, propela na ncha ya bawa, mara nyingi ilikuwa chini ya 60. Baada ya matengenezo iliruka tena, na ingeweza kuvunjika tena na kuandikwa upya.

Mtu akijumlisha mistari yote iliyoandikwa ajali ya kuruka, kutua au kutembea uwanjani, akagawanya kwa idadi ya ndege zilizotengenezwa, anapata namba ya kutisha. Lakini amehesabu matukio, hakuhesabu ndege zilizokufa. Ajali za 109 zilikuwa nyingi, hilo halina ubishi. Theluthi ya ndege zote kufia uwanjani ni dai jingine kabisa.

#5 Bi Sitaha

Fundi #3 nimekuelewa vizuri sana kuhusu pembe. Ila mnaisahau injini.

Mfano mzuri ni Avia S-199. Baada ya vita Wacheki walikuwa na viwiliwili vya 109G lakini injini za Daimler-Benz zimekwisha, wakafunga Jumo 211 na propela yenye mapanga mapana ya mshambuliaji Heinkel 111. Miguu ileile, umbali uleule wa magurudumu. Ndege ikawa mbaya maradufu, marubani wakaipa jina la nyumbu. Israeli walinunua 25 mwaka 1948, na nyingi ziliwaharibikia uwanjani. Kilichobadilika ni injini na propela tu.

Kwa hiyo mkuu Nyundo, propela nayo iingie kwenye orodha yako.

#6 Mzee wa Kabureta

Bi Sitaha, hapo naongeza sharti moja. Msukosuko wa propela unauma wakati wa kuruka, injini ikiwa imefunguliwa yote. Wakati wa kutua mafuta yamefungwa, propela inazunguka polepole. Unarudi pale tu rubani anapoona amekosea, anafungua mafuta ghafla aende mzunguko mwingine huku mwendo ni mdogo. Hapo ndege inavutwa upande mmoja na kulala. Marubani wengi walikufa kwa kujaribu kuokoa utuaji mbaya ambao kama wangeuacha uvunje mguu, wangetoka wakitembea.

#7 Mwanagenzi

Shukrani wakuu. Mimi nasoma tu. Naomba kuuliza: rubani aliyeijua 109 aliitua vipi, hatua kwa hatua?

#8 Mzee wa Kabureta

Karibu mwanangu. Kwa ufupi:

Ukiwa unapita sambamba na uwanja, unapunguza mwendo, unashusha miguu kwa mtambo wa mafuta ya shinikizo na kungoja taa mbili zithibitishe. Flapu za 109, yaani vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, hazina mota. Kuna gurudumu la mkono kushoto kwa kiti, unalizungusha mara kadhaa. Pembeni yake lipo jingine la kurekebisha mkia, na yote mawili unaweza kuyazungusha pamoja kwa mkono mmoja, kwa sababu flapu zikishuka pua inataka kushuka nazo. Huo ni ubunifu mzuri sana, na hausifiwi vya kutosha.

Unakuja kwa karibu kilomita 200 kwa saa. Unapokata mwendo, vibawa vidogo vya ukingo wa mbele wa bawa vinachomoka vyenyewe. Unavuta usukani hadi magurudumu matatu yaguse pamoja. Ukigusa kwa mawili ya mbele tu na mwendo bado upo, ndege inaruka juu tena.

Ikishagusa, vuta usukani tumboni na uushike hapohapo, mkia ubaki chini. Miguu yako kwenye makanyagio ifanye kazi kwa midundo midogo, mapema, kabla hujaona geuko kwa macho. Ukingoja hadi uone pua imehama, umechelewa. Breki usiguse mpaka mkia umetulia. Breki za 109 zina nguvu na kila mguu una yake, kwa hiyo kukanyaga kwa hofu upande mmoja ni kuanzisha geuko mwenyewe.

Na mbele huoni kitu. Pua iko juu mbele ya uso wako, unatazama kingo za uwanja kushoto na kulia.

#9 Kisiki Hai

Mimi nailaumu ardhi.

Hizi ndege zilichorwa katikati ya miaka ya 1930, kwa viwanja vya nyasi. Uwanja wa nyasi wa wakati huo ulikuwa eneo pana lisilo na njia maalumu. Unaangalia soksi ya upepo, unatua kuelekea upepo unakotoka, daima. Na nyasi zinateleza kidogo: gurudumu lililoinama likitaka kuvuta upande, tairi linateleza na mvuto unapotea.

Vita ilipoendelea zikaja njia za zege. Njia ina pande mbili tu, kwa hiyo sasa unatua na upepo wa ubavuni. Na zege haisamehi, inashika tairi. Pembe ya Fundi #3, ambayo kwenye nyasi ilikuwa kero, kwenye zege ikawa balaa.

#10 Fundi Ribiti

Kisiki, nakubali nusu. Nyasi zilizolowa zina hatari zake: gurudumu linazama, ndege inasimama kwa pua. Spitfire hasa, maana ni nzito mbele. Kwenye matope au upepo mkali walimkalisha mtu juu ya mkia wakati ndege inatembea uwanjani. Mwaka 1945 pale Hibaldstow, Uingereza, mhudumu wa kike aitwaye Margaret Horton alikuwa bado amekaa mkiani rubani aliporuka. Rubani akahisi mkia mzito, akazunguka uwanja, akatua salama naye yuko palepale. Ndege yenyewe ni Spitfire AB910, na imehifadhiwa ikiwa nzima.

#11 Kisiki Hai

Kutua salama na abiria mkiani! Basi Spitfire haihitaji utetezi mwingine humu.

#12 Pwani Kavu

Habari zenu. Mnaongea kana kwamba 109 peke yake ilikuwa na miguu kwenye kiwiliwili. Grumman Martlet, ambayo Wamarekani waliiita Wildcat, nayo ilikuwa hivyo hivyo, na hiyo ilifika kwetu.

Baada ya Wajapani kushambulia Colombo Aprili 1942, kundi la manowari za Waingereza la Bahari ya Hindi lilihamia Kilindini. Meli ya kubeba ndege Illustrious ilikuwa na Martlet, zilizopigana Diego Suarez, Madagascar, mwezi Mei mwaka huohuo. Ndege za jeshi la majini zilishuka kwenye viwanja vya pwani yetu: Port Reitz, ambao leo ni uwanja wa kimataifa wa Moi, na Tanga. Jeshi la majini lina desturi ya kuuita uwanja kwa jina kana kwamba ni meli, na vya huku vilipewa majina ya Kiswahili, Kipanga kwa Mombasa na Kilele kwa Tanga.

Miguu ya Martlet ilipandishwa kwa mkono. Rubani anashika mpini kulia kwake na kuuzungusha karibu mara 28 hadi 30, huku mkono wa kushoto umeshika usukani, ndege inayumba kila mzunguko. Magurudumu yamekaribiana, ndege inaegemea kulia na kushoto hata ikitembea. Na ilijizungusha sana kwenye upepo wa ubavu. Lakini hakuna anayesema theluthi ya Wildcat ziliharibika hivyo. Kwa nini 109 ipewe sifa mbaya peke yake?

#13 Bi Sitaha

Pwani Kavu, umetuvusha bahari kabla hatujamaliza uwanja wa kwanza 😀 Ila jibu lako liko kwenye sitaha. Meli inageukia upepo. Rubani wa meli hatui na upepo wa ubavu kama wa nchi kavu, na ndoano ya ndege ikishika waya uliotandazwa sitahani kuisimamisha, mkia unavutwa nyuma, ndege inanyooka yenyewe. Miguu ya Martlet ilikuwa dhaifu kwa kujizungusha lakini imara kwa kudondoka. Grumman waliichora kwa kudondoka.

Kinyume chake ni Seafire, yaani Spitfire iliyofungwa ndoano. Kutua Salerno, Italia, tarehe 9 Septemba 1943: Waingereza walipanga meli tano chini ya Admirali Vian, yaani Unicorn na nne ndogo, Attacker, Battler, Hunter na Stalker, zikiwa na Seafire zaidi ya 100. Ndani ya siku chache walipoteza 42, na karibu zote ni kwa kutua. Zilizoangushwa na adui zilikuwa chache mno.

Sababu ya kwanza ni upepo. Haukuwepo. Bahari ilitulia kabisa, na meli zile ndogo mwendo wao ni karibu maili 17 za baharini kwa saa. Ya pili ni ndoano. Ilifungwa chini ya kiwiliwili, mbele ya mkia, kwa hiyo ikishika waya mkia unapanda, pua inashuka na propela inakula sitaha. Wakafikia kukata ncha za propela inchi chache ili zisiguse. Na zikaruka vizuri tu! Ya tatu ni ile miguu ya mita 1.74, iliyochorwa kwa mguso laini wa nyasi.

#14 Nyundo Ndogo

Dada, hesabu ya hapo ni nzuri, niiweke wazi. Tuchukue Seafire inakuja kwa maili 70 za baharini kwa saa. Meli ndogo ya maili 17 bila upepo: inashika waya kwa 53. Meli kubwa inayokwenda 30 ndani ya upepo wa 10: inashika kwa 30. Nguvu ya kusimamisha inakwenda kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo 53 dhidi ya 30 ni zaidi ya mara tatu. Ndege ileile, rubani yuleyule, waya unabeba mara tatu.

Na Montecorvino, uwanja wa nchi kavu uliopaswa kutekwa mapema ili uwapokee, ulichelewa. Meli zikabaki kazini siku zaidi ya zilizopangwa. Marubani wamechoka, idadi ya ndege inapungua, kila aliyebaki anaruka mara nyingi zaidi.

#15 Kusi la Asubuhi

Hapo Salerno tuna sababu nne tayari: upepo, ndoano, miguu, uchovu. Mtu akiniambia ipi ilivunja ngapi kati ya hizo 42, nitamwamini akionyesha ripoti ya kila ndege.

#16 Rubani Kivuli

Kwenye sitaha hamjamtaja mkubwa wao: Corsair, ndege ya kivita ya Wamarekani. Pua ndefu kupindukia, maana tanki la mafuta liliwekwa mbele ya rubani naye akasogezwa nyuma karibu futi tatu. Shokapu ngumu, ikigusa inaruka. Bawa la kushoto linaacha kubeba kabla ya la kulia. Mafuta yanarukia kioo kutoka kwenye vifuniko vya injini.

Dawa zilikuwa ndogo ndogo. Kipande cha chuma cha inchi sita kikafungwa mbele ya bawa la kulia, nje ya bunduki, ili nalo liache kubeba wakati mmoja na la kushoto. Mguu wa mkia ukarefushwa. Vifuniko vya juu vya injini vikazibwa. Shokapu zikarekebishwa. Nao Waingereza wakaja kwa kupinda: badala ya kunyoosha njia nyuma ya meli, unakuja ukiwa kwenye kona ya kushoto hadi dakika ya mwisho ili uone sitaha pembeni mwa pua. Aprili 1944 Corsair za meli ya Waingereza Victorious zilisindikiza shambulio dhidi ya Tirpitz, manowari ya Wajerumani, kule Norway, wakati Wamarekani bado hawajaziweka kwa wingi kwenye meli zao.

#17 Nyundo Ndogo

Sahihisho dogo. Watu husema Wamarekani waliziondoa Corsair melini kwa sababu ya ajali. Kikosi cha VF-17 cha Corsair kilifuzu kutua kwenye meli Bunker Hill mwaka 1943. Kilishushwa nchi kavu kwa sababu ya vipuri: meli zote nyingine zilitumia ndege ya kivita Hellcat, na hawakutaka aina mbili za vipuri kwenye njia moja ya ugavi.

#18 Rubani Kivuli

Mkuu, zote mbili. Kama Corsair ingekuwa rahisi kutua tangu mwanzo, vipuri vingepelekwa vyake.

#19 Mwanagenzi

Samahani kutoka nje kidogo. Injini ikizimika na hakuna uwanja, unashusha magurudumu au unatua kwa tumbo?

#20 Fundi Ribiti

Ardhi usiyoijua, tumbo. Mfano unaojulikana zaidi ni Tadayoshi Koga, rubani wa Zero, ndege ya kivita ya Wajapani, tarehe 4 Juni 1942 visiwa vya Aleutian, Alaska. Bomba la mafuta ya kulainisha limekatwa na risasi, akaenda kisiwa cha Akutan walichokiteua kwa dharura. Kutoka juu aliona nyasi tambarare, akashusha magurudumu. Chini ya nyasi kulikuwa na maji na tope. Magurudumu yakazama, ndege ikapinduka kichwa chini, naye akafa papo hapo. Wenzake walipaswa kuichoma ndege kwa risasi lakini hawakuwa na hakika kama amekufa, wakaiacha. Wamarekani wakaipata Julai, karibu nzima, wakaitengeneza na kuirusha San Diego. Wakagundua ikisukumwa pua chini ghafla injini inakata kwa sababu ya kabureta yake, na kwamba kwenye mwendo mkubwa inakuwa ngumu kulalia upande.

Kwa magurudumu juu, ndege ileile ingeteleza juu ya tope. Koga pengine angetoka hai.

#21 Mzee wa Kabureta

Kwa tumbo nako kuna aina zake. P-51, ndege ya kivita ya Wamarekani, ina mdomo wa kupozea chini ya tumbo. Kwenye maji mdomo huo unachota na kuivuta ndege chini. Spitfire za mwanzo zina galoni 85 za mafuta kati ya injini na magoti ya rubani. Funga mafuta, zima swichi za moto, fungua kifuniko cha juu kabla hujagusa, kaza mikanda. Kifuniko kikijipinda baada ya mguso hakifunguki.

#22 Bi Sitaha

Na kuna waliotua kwa tumbo bila kupenda, uwanja mzuri, injini nzima. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipewa swali hilo na jeshi la Marekani: kwa nini marubani wa B-17, ndege ya kushambulia kwa mabomu, wanapandisha magurudumu ndege ikishatua? Alipotazama chumba cha rubani alikuta swichi ya magurudumu na ya flapu ziko jirani na zinafanana. Mtu ametoka safari ya saa nane, ametua, anataka kupandisha flapu, mkono unagusa ya jirani. C-47, ndege ya mizigo, swichi zake zilikuwa tofauti, na ajali hiyo haikuwepo. Akashauri gurudumu dogo la mpira libandikwe kwenye mpini wa magurudumu na kabari kwenye ule wa flapu, mkono ujue bila macho. Hadi leo sheria za ndege za abiria zinataka maumbo hayo.

Kwa hiyo mkisoma ripoti imeandikwa "kosa la rubani", ulizeni alikuwa ameshika nini.

#23 Kisiki Hai

Hiyo B-17 ndiyo iliyoleta orodha ya ukaguzi pia, baada ya ajali ya kutua ya 1935.

#24 Kusi la Asubuhi

Kisiki, ile ilikuwa ya kuruka. Tarehe 30 Oktoba 1935, Wright Field, ndege ya majaribio ya Boeing iliyozaa B-17 ilipanda huku kufuli za upepo za mkiani (zinazozuia usukani usitikiswe na upepo ndege ikiegeshwa) hazijafunguliwa, pua ikapanda kupita kiasi, ikaanguka. Orodha za ukaguzi zilikuja baadaye, hapo uko sawa.

#25 Pwani Kavu

Kabla hatujafunga mambo ya pwani: Catalina, ndege ya maji. Kikosi cha 209 cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, kilikuwa Kipevu, Mombasa, na cha 259 kilikuwa huko kisha Dar es Salaam. Ndege ya maji ina ajali yake ya pekee, nayo inakuja siku nzuri kuliko zote. Maji yakiwa shwari kama kioo rubani hawezi kupima kimo kwa macho. Anadhani yuko futi 50 kumbe yuko 5, au anakata mwendo akiwa 30 na ndege inadondoka. Dawa: usijaribu kukisia. Weka mkao wa kutua kutoka juu, injini zikibeba, shuka taratibu futi 150 hadi 200 kwa dakika, na subiri tumbo liguse lenyewe ndipo ufunge mafuta. Inakula eneo refu sana la maji. Au boti ipite kwanza ivuruge uso wa maji.

Ukigusa vibaya ribiti zinafyatuka na maji yanaingia. Wahudumu waliziba matundu kwa penseli.

#26 Fundi Ribiti

Penseli ni kweli, unachomeka na kuvunja. Inatosha kufika ufukweni.

#27 Rubani Kivuli

Turudi kwenye 109. Hakuna aliyetaja mafunzo. Finland walipokea 109G zipatazo 159 na kuzitumia hadi 1954, miguu ileile, na rubani wao aliona ni ndege inayotaka umakini tu. Ujerumani ya 1944 mafuta yamekwisha, kijana anapelekwa kikosini na saa za mafunzo zisizofika nusu ya za Mmarekani. Hilo linaeleza kuliko pembe ya tairi.

#28 Fundi Ribiti

Linaeleza 1944. Halielezi 1939 na 1940, wakati marubani wao walikuwa wamefunzwa vizuri na ajali zilikuwepo. Na Wafini walipata G, ile yenye gurudumu lililosimama zaidi, hawakupata E. Baadaye G nyingine zikawekewa mguu mrefu wa mkia: mkia ukapanda, pua ikashuka, rubani akaona mbele kidogo, na usukani wa mkia ukapata upepo zaidi. Kuna pia kufuli ya gurudumu la mkia, ukiifunga kabla ya kutua gurudumu haliwezi kugeuka huku na huku. Mimi natamani kujua ni ipi kati ya hizo ilisaidia zaidi, kwa sababu zilikuja karibu pamoja.

#29 Kusi la Asubuhi

Njia ni moja tu. Upate kikosi kilichorusha 109 za aina moja mwezi mmoja, nusu kwenye nyasi na nusu kwenye zege, na orodha za asilimia za uharibifu. Ripoti za kikosi kwa kikosi zipo kwenye hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya Freiburg, Ujerumani.

#30 Nyundo Ndogo

Na ziandikwe kama kufuli ya mkia ilikuwa imefungwa au la. Hapo ndipo Fundi na Kivuli wataendelea kubishana 😀 Mwenye kuweza kusoma Kijerumani cha ripoti hizo aje na ukurasa mmoja tu, tuanzie hapo.